MWENYE MALI ANA RUHUSA YA KUIPOTEZA?

Katika darasa letu la baada ya Isha tuliulizwa mas'ala ambayo mwanzo tuliyaona madogo, na kila tulipoyageuza tukayaona yanakua. Muulizaji ni kijana anayeshika daftari katika tanuri moja la mikate humu mjini. Alisema: "Sheikh, tajiri wetu ni mtu mwema. Mishahara haichelewi, mkate haupunguzwi uzani, zaka huitoa. Lakini kila usiku huoka mikate mingi kuliko inayouzika, kwa kuwa apenda mteja wa alfajiri akute rafu zimejaa. Inayobaki hata jioni ya pili hutupwa, au huchukuliwa na wenye ng'ombe. Nilipomweleza alinijibu kwamba mali ni yake, unga kaununua kwa pesa zake, na hakumwibia mtu. Je, ana kosa? Na kama hana kosa, mbona moyo wangu hautulii?"

Kabla hatujafungua kinywa, mzee mmoja aliyekuwa karibu na mlango akasema kwamba kijana amwache tajiri wake, kwani mtu hahisabiwi na mtumishi wake. Na mwingine, aliyefanya kazi bandarini miaka mingi hata akastaafu, akacheka kicheko kisichokuwa cha furaha, akasema: "Mimi tajiri akianza kusema khabari ya kuzuia khasara, hujishika mgongo."

Basi hayo ni maneno matatu, na kila moja lina haki ya kujibiwa. Usiku ule tulijibu kwa haraka, na jawabu la haraka halikutupendeza wenyewe. Twarudi leo kuyatazama kwa utulivu, na msomaji atuwie radhi tukimpeleka Japani na Bara Hindi kabla ya kumrudisha Mombasa.

Iko elimu inayosomeshwa siku hizi katika vyuo vikuu, ambayo mada yake ni usimamizi wa utendaji wa kazi. Si elimu ya kuuza, wala si elimu ya kuhisabu faida, bali ni ya lile lililo baina ya mawili hayo: kitu kimeingia mlangoni kikiwa unga, kitatokaje kikiwa mkate, kwa mikono ya nani, kwa saa ngapi, kwa kuni kiasi gani, na nini kitamwagika njiani. Jina ni jipya lakini jambo lenyewe ni kongwe. Nahodha wa jahazi alikuwa akilijua bila ya kwenda chuo. Alijua kizito kiwekwe chini na kitakachoshushwa bandari ya kwanza kiwekwe juu. Alijua maji ya kunywa ya mabaharia wangapi kwa siku ngapi. Na alijua kuwa akichelewa kupakia hata kusi ikakaza, atalala bandarini na chombo chake, naye na mabaharia wake watakula mtaji. Aliyeshindwa na mambo hayo hakuambiwa kuwa ni mwizi, ila watu waliacha kumpa shehena zao. Na hapo ndipo penye siri ya mas'ala yetu: shehena ilikuwa ya watu.

Maana huyu tajiri wa mikate asema mali ni yake. Tukubali kuwa unga ni wake. Je, ngano aliyoinunua, ambayo sehemu kubwa ya ile tunayoila Kenya huja kwa meli kutoka nchi za nje, ilipandwa kwa maji yake? Kuni zilizomo tanurini, alizipanda yeye? Maji ya kukandia unga hutoka Mzima na Baricho, yakasafiri kwa bomba mwendo mrefu hata kufika mji ambao nyumba nyingi hukaa siku kadha pasi na tone. Moshi wa mkate uliotupwa na moshi wa mkate ulioliwa ni sawasawa katika kifua cha jirani. Na usingizi wa mkandaji aliyeamshwa saa nane za usiku ili akande unga wa jaani, huo nao kaununua, twakubali, lakini kaununua kwa ajili gani? Kisha liko jambo ambalo matajiri wengi hawalitazami. Gharama ya mkate uliotupwa hailipwi na aliyeutupa. Huongezwa juu ya bei ya mkate uliouzwa, akailipa yule mama aliyetumwa mtoto wake na shilingi zilizohisabiwa barabara, akarudi na boflo dogo kuliko la mwaka jana. Wanunuzi wake kumi wanalilia mkate wa kumi na moja ambao hawakuuona.

Kwa hivyo twasema: milki ni kweli, wala hatumnyang'anyi mtu milki yake kwa maneno. Lakini kila mali ina haki za wengine zilizoungana nayo kama nyuzi za mkeka. Ukikata mmoja waona umekata wako, kumbe mkeka mzima unafumuka. Israfu si jambo la mwenye mali peke yake, hata kama fedha ni zake peke yake.

Sasa tuje kwa Wajapani. Hao wana neno wanalolitumia katika viwanda vyao kwa kila kazi inayokula jasho na mali bila ya kumzidishia mnunuzi manufaa yoyote. Neno lenyewe ni "muda". Halina nasaba na neno letu, limesadifu tu. Lakini tulipolisoma mara ya kwanza tulitabasamu, kwani mwenye kupoteza muda kwetu na mwenye kufanya "muda" kwao ni mtu mmoja.

Alikuwako huko seremala na mvumbuzi aitwaye Sakichi Toyoda, aliyezaliwa mwaka 1867, ambaye alijishughulisha na mitambo ya kufumia nguo. Mwaka 1924 alikamilisha mtambo uliokuwa na sifa moja ya ajabu: uzi ukikatika, mtambo husimama wenyewe. Mitambo mingine ilikuwa ikiendelea kufuma na uzi umekatika, ikatoa dhiraa kwa dhiraa za nguo mbovu, na mtu akabidi kusimama mbele yake mchana kutwa kuulinda. Huyu alisema, kwa tendo si kwa ulimi, kwamba kusimama penye kosa ni bora kuliko kukimbia nalo. Mwaka 1929 haki ya mtambo ule iliuzwa kwa kampuni ya Platt Brothers ya Uingereza, na mwanawe, Kiichiro, akashika njia ya kutengeneza magari. Kampuni ya magari ikasimama mwaka 1937.

Baada ya vita vilivyokwisha mwaka 1945, Japani ilikuwa nchi iliyoungua, haina fedha wala nafasi. Mhandisi mmoja wa kampuni ile, Taiichi Ohno, aliona kwamba hawawezi kushindana na Wamarekani kwa wingi, basi washindane nao kwa kutopoteza. Akaikaa karakana kama tabibu anavyomkalia mgonjwa, akaainisha khasara kuwa za namna saba: mtu kungoja, kitu kuhamishwa huku na huku pasi na sababu, akiba kulundikana, kazi kufanywa zaidi ya inavyohitajiwa, mtu kutembea bure, kitu kutoka kibovu. Lakini ya saba aliiweka mbele ya zote, akaiona ndiyo mama yao: kutengeneza zaidi ya kinachotakiwa. Kwa nini hii iwe mama? Kwa sababu huwaficha watoto wake. Penye vitu vingi vilivyorundikwa hakuna ajuaye kwamba mashine fulani ni mbovu, wala kwamba mtu fulani hakufundishwa kazi, wala kwamba mali fulani hununuliwa mapema mno. Wingi hufunika aibu. Ohno alivutiwa na khabari za maduka makubwa ya Marekani, ambako rafu hujazwa tena kwa kadiri ile tu mnunuzi aliyoitoa, akataka karakana nayo ifanye kazi kwa mwendo huo: anayefuata achukue, ndipo anayetangulia atengeneze.

Mtazame sasa tajiri wetu na rafu zake zilizojaa. Yeye adhani wingi ule ni heshima ya duka. Twahofia kuwa ni pazia. Nyuma ya pazia lile huenda yupo mpishi asiyejua kupima hamira, au tanuri linalounguza upande mmoja, na mikate iliyoharibika hutiwa katika fungu la iliyobaki, pasiwe na anayeuliza. Wazee wetu walisema mali bila daftari huisha bila khabari, na huyu daftari analo na kijana wa kulishika, ila yeye mwenyewe hataki kulisoma.

Hapa yafaa kutaja jambo la pili tulilojifunza kwa watu hao, nalo twaliona ni zito kuliko lile la kwanza kwa upande wa uadilifu. Mwaka 1950 Mmarekani mmoja, W. Edwards Deming, mtaalamu wa hisabu za takwimu, alialikwa Japani na jumuiya ya wanasayansi na wahandisi, akawasomesha wakubwa wa viwanda. Wajapani wakamheshimu sana, hata mwaka 1951 wakaanzisha tuzo kwa jina lake. Kwao Marekani hakujulikana sana ila miaka thalathini baadaye. Huyu alishikilia kwamba makosa mengi mno ya kazi hayatokani na mfanyakazi bali na mpango aliowekewa, na katika kitabu chake cha miaka ya 1980 alikisia kuwa sehemu ya mpango ni 94 katika mia. Hisabu yenyewe ni makisio, hatuipiganii. Lakini tafakari maana yake! Ni mara ngapi katika maduka yetu na mashamba yetu tumemsikia tajiri akimtukana kibarua, akamkata mshahara, akamfukuza, na kosa lilikuwa katika mizani mbovu aliyompa, au katika amri mbili zinazopingana alizomwamrisha? Kumwadhibu mtu kwa kosa la mpango ulioupanga wewe ni dhuluma, na dhuluma hii haionekani na wengi kwa sababu imevaa nguo za nidhamu.

Na kutokana na mtambo ule uliosimama wenyewe ikatoka desturi ya kamba. Katika karakana zile hupita kamba juu ya vichwa vya wafanyakazi, na mtu yeyote, hata aliyeajiriwa juzi, akiona kasoro huivuta akaita msaada. Na kasoro isipoondoka upesi, kazi yote husimama. Sisi tulipata kumweleza tajiri mmoja desturi hii, naye akauliza, "Wakiivuta kutwa?" Tulimjibu kuwa basi atakuwa amejua jambo ambalo hakuwa akilijua.

Lakini tusije tukawapamba Wajapani kupita kiasi. Mzee wetu wa bandarini hakujishika mgongo bure. Mwaka 1950 huo huo kampuni ya Toyota ilikuwa karibu kufilisika, na zaidi ya watu elfu moja waliondoka kazini kwa mapunguzo baada ya mgogoro mrefu. Kiichiro Toyoda akajiuzulu uongozi, na jambo hilo twalihisabu upande wake, kwani ni wachache wanaowaondoa watu nao wakaondoka pamoja nao. Na mwandishi mmoja, Satoshi Kamata, aliingia humo mwaka 1972 akawa mfanyakazi wa muhula wa miezi sita, kisha akaandika kitabu kueleza jinsi mwendo wa kazi ulivyokuwa ukiwavunja watu mifupa. Kwa hivyo iko njia ya kuondoa khasara ambayo maana yake ni kuihamisha tu: imetoka katika daftari la tajiri, imeingia katika uti wa mgongo wa kibarua. La ajabu ni kwamba mizani ya Wajapani wenyewe yamhukumu mwenye kufanya hivyo. Kwani pamoja na "muda" wana neno la pili, "muri", nalo ni kumtwika mtu au chombo zaidi ya uwezo wake, na wamelihisabu kuwa ni uovu ulio sawa na ule wa kwanza.

Jambo hili la kutotwika zaidi ya uwezo lilikuwa na mlinzi wake katika miji ya Waislamu tangu karne nyingi. Al-Mawardi, aliyefariki Baghdad mwaka 1058, alipoeleza kazi za muhtasib alitaja kwamba ana haki ya kuwazuia wenye vyombo wasipakie mzigo unaohofiwa kuvizamisha, na kuwazuia wasisafiri upepo ukichafuka. Msomaji aone kwamba muhtasib hakungoja chombo kizame ndipo atafute mwenye makosa. Alisimama pwani kabla. Na sisi watu wa Mombasa hatuhitaji kuelezwa zaidi, kwani tunaikumbuka tarehe 29 Aprili 1994, feri ilipopinduka Mtongwe na watu wengi kuliko idadi iliyopasa kupakiwa, wakafa zaidi ya 270, wengi wao wakienda kazini asubuhi, na nchi kavu iko karibu hata waliosimama gati waliwasikia.

Tukirudi katika mas'ala ya akiba, hapa pana utelezi, na wengi wameteleza. Mtu akishasoma kwamba akiba iliyolundikana ni khasara, aweza kudhani kila kilichokaa bure ni khasara. Wajapani wenyewe walipata funzo. Mwezi wa Februari 1997 kiliungua kiwanda kimoja kilichokuwa karibu peke yake katika kuwatengenezea kifaa kidogo cha breki. Na kwa kuwa akiba ilikuwa ndogo mno, karakana za magari zilisimama siku kadha, hata wenye viwanda jirani wakasaidiana kukitengeneza. Likaja tetemeko na gharika ya bahari la Machi 2011. Baada ya hapo kampuni ikawataka wanaoiuzia vipande fulani vya umeme waweke akiba ya miezi, na ulimwengu ulipoingiwa na uhaba wa vipande hivyo mwanzoni mwa 2021, wao walistahimili kuliko wengi. Waswahili wamesema akiba haiozi. Mkate huoza, bilashaka. Lakini unga haufanani na mkate, na mwenye akili hupambanua baina ya viwili. Nabii Yusuf aliposimamia mavuno ya Misri aliwaambia watu wayaache nafaka katika masuke yake ila kidogo cha kula. Huo ni usimamizi wa utendaji: akiba, na namna ya kuihifadhi isiharibike.

Mfano wa aliyeshindwa kupambanua ni Bhopal. Mji huu wa Bara Hindi unapasa kujulikana na wasomaji wetu kwa kheri yake kabla ya msiba wake, kwani ulitawaliwa na Mabegum wanne wa Kiislamu mmoja baada ya mwingine kwa zaidi ya miaka mia, na msikiti wake wa Taj-ul-Masajid ni katika misikiti mikubwa ya nchi ile. Kilikuwako huko kiwanda cha Union Carbide cha kutengeneza dawa ya kuulia wadudu. Dawa haikuwa ikiuzika kama walivyotumai, basi wakubwa wakaanza kupunguza gharama. Na kila walichopunguza, ukikitazama peke yake, kilifanana na khasara. Mtambo wa kupoza tangi la sumu ulizimwa mwaka 1984, kiasi cha miezi mitano kabla ya msiba. Mnara wa kuchomea gesi inayovuja ulikuwa umekatwa bomba lake likingoja kutengenezwa. Mtambo wa kuisafisha gesi haukuwa tayari. Watu wa zamu wakapunguzwa hata nusu. Mtu gani mwenye daftari mbele yake hatasema: mlinzi huyu amekaa mwaka mzima hakushika mwizi, ya nini kumlipa?

Usiku wa kuamkia tarehe 3 Disemba 1984 maji yaliingia katika tangi lililokuwa na kiasi cha tani 40 za sumu ile, ikachemka, ikapanda, ikashuka juu ya vibanda vya maskini waliolala ukutani mwa kiwanda. Serikali mwanzo ilihisabu waliokufa papo hapo 2,259. Idadi ikapanda mwaka hata mwaka, na waliodhurika walihisabiwa zaidi ya nusu milioni. Mwaka 1989 kampuni ilikubali kulipa dola milioni 470. Inapasa tuseme kwa insafu kwamba kampuni ilishikilia kuwa maji yale yalitiwa na mtu kwa makusudi. Wengine wengi wamelikanusha hilo. Lakini hata tukiwakubalia, hoja yetu haitikisiki: aliyetia maji, kama yupo, hakuzima yeye mtambo wa kupoza, wala hakukata yeye bomba la mnara. Milango minne ya ulinzi iliachwa wazi na waliokuwa na funguo.

Basi tofauti ni nini baina ya Ohno aliyeondoa akiba na wale walioondoa mtambo wa kupoza, na wote wawili wasema wamezuia khasara? Tulikaa sana na swali hili. Jawabu tuliloliona ni kwamba uulize: kitu hiki kikiondoka, nani atakayebeba kitakachotokea? Ohno alipoondoa akiba, kosa likitokea lilisimamisha kazi yake mwenyewe, yeye na tajiri wake wakalia. Wale wa Bhopal walipoondoa ulinzi, faida iliandikwa katika daftari yao na khatari ikaandikwa katika mapafu ya watu wasiojua hata jina la sumu. Kuokoa mali yako kwa kuiweka rehani roho ya jirani, bila ya idhini yake, hakustahiki kuitwa kuzuia khasara. Ni kukopa kwa jina la mtu mwingine.

Na jirani wanaobeba si walio ukutani tu. Hapa kwetu, kaskazini ya mji, kiwanda cha saruji cha Bamburi kilianza kazi mwaka 1954, kikachimba matumbawe ya kale hata nchi ikabaki mwamba mtupu, meupe, jua likirudi usoni, na maji ya chumvi chini yake. Wangeweza kuiacha hivyo, na wengi duniani wameacha. Mwaka 1971 mtaalamu wa kilimo kutoka Uswisi, René Haller, alipewa kazi ya kuuhuisha mwamba ule. Alijaribu aina 26 za miti. Zilizostahimili zilikuwa tatu, na mbora wao ni mvinje. Lakini majani ya mvinje yaliyoanguka hayakuoza, yakatanda tu juu ya mwamba kama sindano. Haller akaona jongoo wakiyatafuna. Akawaleta kwa wingi, wakala, na samadi yao ndiyo iliyokuwa udongo wa kwanza. Watoto wetu leo hutembea chini ya miti pale wakidhani ni msitu wa tangu na tangu. Sisi tukipita huwaonyesha jongoo, maana hao ndio vibarua waliojenga, wala hawana jiwe la ukumbusho.

Hata hivyo tusidanganyike na uzuri wa bustani. Saruji hutengenezwa kwa kuchoma mawe ya chokaa, na jiwe likiungua hutoa hewa ya kaboni kutoka ndani yake lenyewe, mbali na moshi wa moto. Baba zetu waliochoma chokaa kwa kuni za mikoko hawakuijua hisabu hii, na tanuu zao zilikuwa chache. Lakini saruji ya dunia nzima leo hutoa karibu 7 au 8 katika mia ya hewa hiyo itokanayo na kazi za wanadamu. Msitu mmoja hauyafuti hayo. Twasema hivi si kwa kumdharau Haller, bali kwa kuwa siku hizi kila mwenye kiwanda hupanda miche mitatu, akaita mpiga picha. Kudumu kwa ardhi hakuanzi baada ya kazi kwisha, kwa sadaka ya miche. Huanza katika kazi yenyewe: moto wa kiasi gani, jiwe la wapi, maji mangapi, na kitakachobaki kitakwenda wapi. Aliyelipanga hilo vizuri tangu asubuhi atakuwa na machache ya kutubia jioni.

Turudi kwa kijana wetu. Tulimwambia asimwendee tajiri wake na hukumu, amwendee na hisabu: aandike kwa wiki mbili, kila siku, mikate iliyookwa, iliyouzwa, iliyoharibika na iliyobaki, na saa ambayo rafu ilianza kupungua. Alifanya hivyo. Ikadhihirika kwamba inayobaki karibu yote ni ya mwoko wa pili, unaoanza saa tisa za usiku, na kwamba Ijumaa haibaki kitu, ila Jumatatu na Jumanne hubaki robo nzima. Ikadhihirika pia kwamba mikate mingi ya upande wa kushoto wa tanuri ilikuwa ikiungua, na mpishi alikuwa amekwisha sema mara mbili juu ya tofali lililopasuka, hakusikilizwa. Tajiri alipoisoma karatasi alinyamaza, kisha akaita fundi wa tanuri siku ile ile. Mwoko wa pili akakubali kuuondoa siku mbili za wiki.

Tulifurahi, lakini furaha haikukaa. Kijana alirudi darasani akiwa ameinamisha kichwa. Mkandaji wa mwoko wa pili ni mtu mzima mwenye watoto watano, na hulipwa kwa usiku. Usiku mbili zikiondoka, na mshahara wake wa usiku mbili umeondoka. "Sheikh," alisema, "hisabu yangu ndiyo iliyomla."

Yule mzee wa bandarini alitutazama, hakusema neno, wala hakuhitaji kusema. Tuliona kwamba kama maneno yote tuliyoyaandika juu yana ukweli, basi mahali pake ni hapa. Khasara iliyookolewa ilikuwa unga, kuni na maji. Ikiwa tajiri ataitia yote mfukoni na mkandaji akabeba upungufu, basi itakuwa imehamishwa tu, kama tulivyosema. Tuliandika barua fupi. Tulimwomba tajiri atazame kwanza thamani ya mikate aliyokuwa akiitupa kwa mwezi, kisha atazame malipo ya usiku mbili za mkandaji, aone kwamba la pili ni dogo mno mbele ya la kwanza. Na kwamba usiku hizo mbili aweza kumpa kazi ambayo haina mwenyewe, kama kusafisha tanuri, kupanga ghala la unga na kulinda kuni zisilowe, mambo ambayo hufanywa siku zote kwa haraka na mtu aliyechoka.

Kijana aliichukua barua Alhamisi. Jawabu lililorudi ni kwamba tajiri anatualika tanurini, saa tisa za usiku wa Jumatatu, tujionee kazi kwa macho yetu kabla ya kuandika barua nyingine. Tumekubali, na mzee wa bandarini atakuwa pamoja nasi.